Maziwa yamepungua, au titi limepunguziwa kazi?

Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 22, naishi Nkwenda wilayani Kyerwa. Nina mtoto wa kike wa wiki tisa, ndiye wa kwanza. Alizaliwa salama akiwa na kilo 3.1, na tulipokwenda kliniki ya wiki sita alikuwa na kilo 4.2. Mwezi wa kwanza maziwa yalikuwa yakinivuja hadi nguo zinalowa. Siku hizi matiti yamelegea, hayajai tena, na nikiyaminya yanatoka matone tu.

Baada ya kliniki ile nilirudi shambani kwa sababu maharage yalihitaji kupaliliwa. Natoka saa moja asubuhi, narudi saa saba mchana, mtoto anabaki na mama mkwe. Yeye humpa maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji, kikombe kimoja cha chai hivi, kwa chupa. Jioni mtoto hulia sana, basi mama mkwe humwongezea chupa nyingine ili watu walale. Anasema maziwa yangu ni mepesi kama maji, na kwamba wapo wanawake wasiojaliwa maziwa, nami ni mmoja wao. Mtoto anaimaliza chupa yote, kwa hiyo sina la kumjibu. Sasa ameanza kulikataa titi, analivuta huku analia.

Mume wangu anataka kununua maziwa ya kopo. Jirani mmoja kanishauri ninywe rubisi kidogo kila jioni, mwingine kaniletea unga wa uwatu. Uji nakunywa hadi tumbo linauma na sioni mabadiliko. Je, maziwa yakishapungua yanaweza kurudi? Na nifanye nini bila kugombana na mama mkwe?

Mama wa Kwanza, Nkwenda

*

Mwanangu, hongera kwa kujifungua salama.

Nianze na swali linalokunyima usingizi: ndiyo, maziwa yaliyopungua hurudi. Kwa mama mwenye afya na mtoto wa wiki tisa ambaye tayari anajua kunyonya, mara nyingi dalili huonekana ndani ya siku chache, na zikifika wiki mbili huwa mmeshapiga hatua kubwa. Katika barua yako kuna mambo mawili uliyoyaandika kama ya kupita tu, nayo ndiyo yenye jibu: uzito wa mtoto na saa zako za shambani.

Kadi ya kliniki inasema nini

Itoe kadi uitazame upya. Mtoto wako alizaliwa na kilo 3.1. Karibu kila mtoto hupungua uzito siku za mwanzo, na wengi huhitaji hadi wiki mbili kuurudia uzito wa kuzaliwa. Wako, wiki ya sita, alikuwa na kilo 4.2. Kiwango cha chini wanachokitazama wauguzi kwa mtoto wa miezi sita ya kwanza ni ongezeko la nusu kilo kwa mwezi. Kwa wiki sita hiyo ni kama gramu 750, naye aliongeza gramu 1,100. Kwa maelezo yako, wiki zote hizo hakuonja kitu kingine ila titi lako. Mwanamke asiyejaliwa maziwa hamwongezi mtoto kilo nzima na ushee kwa mwezi mmoja na nusu. Hilo lishike, maana utalihitaji mbele ya watu.

Tuje kwenye matiti kulegea. Wiki za mwanzo mwili hutengeneza maziwa kwa wingi bila mpangilio, ndiyo maana matiti hujaa, hukakamaa na kuvuja. Ikifika wiki ya sita hivi mwili unakuwa umeujua mwendo wa mtoto, na maziwa mengi hutengenezwa wakati ule ule anaponyonya. Titi laini katika umri huu ni jambo la kawaida. Kuminya na kupata matone nako si kipimo, kwa sababu kidole hakiliamshi titi kama linavyoamshwa na kinywa cha mtoto.

Kulia jioni pia kusikutishe peke yake. Kilio cha watoto wachanga huongezeka hadi kufika kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua kadiri wanavyokaribia miezi mitatu. Wako alianza kupewa chupa ya jioni wakati hasa ambao watoto wengi duniani hulia kuliko wakati mwingine wowote. Na kule kuimaliza chupa hakuthibitishi kwamba alikuwa na njaa. Ukimwekea mtoto wa umri huo chuchu ya mpira kinywani atanyonya hata akiwa ameshiba, kwa sababu kunyonya ni silika yake, na chupa humiminika yenyewe bila kumpa nafasi ya kupumua na kujiuliza.

Kwa kawaida ningekuambia uhesabu mikojo: mtoto anayenyonya titi tupu, baada ya siku tano za kwanza, hukojoa mara sita au zaidi kwa siku, mkojo mweupe usio na harufu kali. Kwa sasa hesabu hiyo inapotoshwa na maji mnayochanganya kwenye chupa, maana mtoto anaweza kukojoa vizuri huku hapati chakula cha kutosha. Kwa hiyo tegemea mzani. Usisubiri tarehe ya chanjo ya wiki ya kumi. Mpeleke zahanati wiki hii apimwe, ili ujue unaanzia wapi.

Yalipunguaje

Titi si mtungi kwamba utajaa kadiri unavyomimina uji upande wa juu. Mtoto anaponyonya, ubongo wako hutoa homoni mbili. Moja ni prolaktini, inayoliagiza titi litengeneze maziwa. Nyingine ni oksitosini, inayoyasukuma yatoke. Titi likitolewa maziwa mara kwa mara, linatengeneza kwa kasi. Maziwa yakikaa humo kwa saa nyingi bila kutolewa, titi hupunguza mwendo. Ndivyo lilivyoumbwa, na kwa utaratibu huo huo mama wa mapacha hutengeneza maziwa ya watoto wawili kwa matiti mawili yale yale.

Sasa hesabu mwenyewe. Mtoto wa umri wa wako hunyonya mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, mchana na usiku. Saa sita za shambani zimeondoa mara mbili au tatu. Chupa ya jioni imeondoa moja, na kwa kuwa maziwa ya ng'ombe hukaa tumboni muda mrefu kuliko ya mama, mtoto huchelewa kuamka usiku, ikaondoka nyingine. Kwa wiki tatu mfululizo titi limekuwa likiambiwa kwamba mtoto anahitaji nusu au theluthi mbili tu ya alichohitaji zamani, nalo limetii. Mtoto naye amezoea chupa isiyomtaka afanye kazi, ndiyo maana anapolifikia titi analivuta na kulia.

La kufanya kuanzia leo usiku

Chupa ya jioni na usiku ndiyo ianze kuondoka, kwa kuwa saa hizo uko nyumbani. Usiku ndio prolaktini hupanda zaidi, hivyo mnyonyesho wa saa nane za usiku una faida kubwa kwa maziwa ya kesho. Mvue mtoto abaki na nepi, mweke kifuani pako ngozi kwa ngozi, jifunikeni kitenge. Baridi ya usiku ya huko kwenu naijua, lakini mwili wako utampasha joto. Mpe titi moja hadi aliachie mwenyewe, mpe la pili, kisha mrudishe kwenye la kwanza. Saa za jioni anaweza kutaka kunyonya kila baada ya nusu saa. Mwache, kwa kuwa hivyo ndivyo anavyoagiza maziwa yaongezeke.

Kwa mtoto anayevuta na kulia, usisubiri alie kwa njaa ndipo umpe titi. Kilio ni dalili ya mwisho. Mpe anapoanza kugeuza kichwa, kulamba midomo au kula ngumi, au anapokuwa na usingizi nusu. Kabla ya kumweka, kamua kwa mkono matone machache hadi maziwa yaanze kutoka, ili akute yapo. Akipunguza kasi ya kunyonya, libane titi taratibu kwa kiganja, maziwa yatamiminika naye ataendelea.

Angalia anavyolishika titi. Kichwa na mwili wake viwe katika mstari mmoja, tumbo lake liguse lako, pua yake ielekee chuchu. Igusishe chuchu kwenye mdomo wake wa juu, subiri apanue kinywa kama anayepiga miayo, kisha umlete yeye kwenye titi upesi. Usiinamie wewe kumfuata. Akishika vizuri, kidevu kinagusa titi, mdomo wa chini umepinduka nje, mashavu yamejaa, na sehemu nyeusi inaonekana zaidi juu ya mdomo wa juu kuliko chini. Utasikia anameza: anavuta, anavuta, anameza. Ukisikia maumivu makali yasiyoisha au mlio wa kubofya ulimi, ingiza kidole kidogo pembeni ya kinywa umwachishe, uanze tena. Kama hamwezi kupatana, muuguzi wa kliniki akutazame ukinyonyesha na amwangalie mtoto ulimi, kwani wapo wanaozaliwa na ulimi uliofungwa.

Sasa mchana. Sikuambii uache kulima, nafahamu kwamba maharage hayangoji. Lakini kwa wiki mbili hizi panga kazi upya. Kazi za kwenye kibanja kinachozunguka nyumba, kupalilia migomba, kuanika na kupembua kahawa uani, zifanye wewe, na shamba la mbali alichukue mume au mtu mwingine wa nyumbani. Ikilazimu uende mbali, mchukue mtoto na mtu wa kumshika kivulini, au rudi saa nne umnyonyeshe. Mnyonyeshe dakika ya mwisho kabla hujatoka, na ukirudi usianze na jiko wala kuni, anza na mtoto.

Kwa saa ambazo hutakuwepo, kamua. Nawa mikono kwa sabuni. Andaa kikombe chenye mdomo mpana na kifuniko chake, vilivyochemshwa. Lisugue titi taratibu kuelekea chuchu. Weka kidole gumba juu na cha shahada chini, nje kidogo ya sehemu nyeusi, mkono ukiwa umefanya umbo la nusu duara. Sukuma nyuma kuelekea kifua, kisha bana vidole vikutane, achia, rudia. Usiteleze juu ya ngozi na usivute chuchu. Dakika ya kwanza huenda kisitoke kitu, usikate tamaa. Maziwa yakipungua kutoka, zungusha vidole sehemu nyingine, badilisha titi baada ya dakika tatu hadi tano, uendelee hivyo hadi ifike kama nusu saa. Ukipata vijiko viwili siku ya kwanza umefanikiwa, kwa sababu shabaha ni kulitoa titi maziwa, na kikombe kitajaa baadaye. Fanya hivyo alfajiri, na mara moja huko shambani hata kama ya huko utayamwaga. Yaliyokamuliwa nyumbani yafunikwe, yawekwe mahali pa baridi na kivuli, yatumike ndani ya saa nne. Mama mkwe ampe kwa kikombe, mtoto akiwa amekalishwa wima, kikombe kikigusa mdomo wa chini naye akilamba kwa mwendo wake. Chupa na chuchu ya mpira ziondoke kabisa, kwa sababu ni vigumu kuzisafisha na ndizo zinazomfundisha kulikataa titi.

Maziwa ya ng'ombe ya mchana usiyakate ghafla. Ikiwa mzani utaonyesha mtoto anaendelea vizuri, punguza kama robo kikombe kila baada ya siku mbili au tatu, nafasi hiyo ichukuliwe na maziwa yako. Kwa siku chache ambazo bado yatahitajika, yawe yamechemshwa, na muuguzi akuelekeze namna ya kuyaandaa. Kuyaongeza maji kwa kukisia kunamjaza mtoto tumbo bila chakula. Mpime kila wiki hadi awe amerudi kwenye titi tupu.

Uji, rubisi na vya dukani

Mama anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi, kiasi cha nishati kama kalori 500 juu ya alichokuwa akila, ambacho kwa jiko la kwetu ni kama mlo mdogo mmoja wa ziada. Kunywa kila unaposikia kiu. Kujilazimisha uji hadi tumbo liume hakuongezi tone. Uji unakujenga wewe, na mtoto ndiye anayeyaita maziwa.

Lakini tazama kilichomo kwenye sahani. Kagera ina ndizi tele na bado imekuwa ikitajwa miongoni mwa mikoa yenye watoto wengi waliodumaa. Shibe ya ndizi peke yake haitoshi. Katogo lako liwe na maharage au karanga za kutosha, weka dagaa au samaki zikipatikana, yai, mchicha au majani ya maboga, na parachichi ambazo huko kwenu huanguka chini hadi zinaoza. Senene msimu ukifika, kula. Na maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa yanywe wewe, ndiyo njia salama ya kumfikishia mtoto faida yake.

Rubisi acha. Pombe humlegeza mama akahisi ametulia, lakini huizuia oksitosini kuyasukuma maziwa, na watoto hupata maziwa kidogo katika saa zinazofuata. Zaidi ya hapo, mama aliyekunywa akalala na mtoto mchanga kitanda kimoja anaweza kumlalia.

Uwatu umetumika kwa karne nyingi kuanzia Uhindi hadi pwani yetu. Tafiti zilizofanywa ni ndogo na matokeo yake hayafanani. Kijiko katika uji hakina shida kwa wengi, ila huweza kushusha sukari ya damu na kuharisha, hivyo mwenye kisukari au pumu asiutumie bila kumwuliza mganga wa kituo. Vidonge vya kuzuia kutapika, ambavyo watu hushauriana kuvimeza ili kuongeza maziwa, usivinunue kwa kuambiwa. Vipo vinavyoweza kuvuruga mapigo ya moyo na vingine kumletea mama huzuni nzito. Na hakuna mojawapo ya hivi kitakachofanya kazi kama titi halinyonywi.

Kabla ya kulaumu mwili wako, kumbuka pia kama ulipewa uzazi wa mpango. Vidonge vyenye vichocheo viwili hupunguza maziwa na havifai miezi sita ya kwanza. Kijiti, kitanzi, sindano au vidonge vya kichocheo kimoja ni afadhali. Mwonyeshe muuguzi ulichopewa.

Mama mkwe na chupa

Usimwone mama mkwe kama adui. Karagwe, ambayo Kyerwa ilikuwa sehemu yake hadi wilaya ilipogawanywa mwaka 2012, ni nchi iliyoheshimu maziwa tangu zamani. Mvumbuzi Mwingereza Speke alipofika kwa Mkama Rumanyika, mfalme wa Karagwe, mwishoni mwa mwaka 1861, alikuta na kuandika habari za wanawake wa nyumba ya kifalme walionyweshwa maziwa hadi wakanenepa kiasi cha kushindwa kusimama. Mahali ambapo ng'ombe mwenye pembe ndefu ni fahari ya ukoo, bibi anayempa mjukuu maziwa anatoa kilicho bora. Wala si yeye peke yake: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 64 ya watoto wa chini ya miezi sita nchini hunyonya titi tupu, maana yake zaidi ya theluthi moja tayari wanachanganyiwa kitu kingine.

Ila maziwa hayo yaliumbwa kwa ajili ya ndama. Yana protini na chumvi nyingi kuliko figo za mtoto wa wiki tisa zinavyoweza kuzimudu, yana madini ya chuma kidogo, na huweza kuukwaruza utumbo wake ukavuja damu kidogo kidogo hadi akapungukiwa damu. Yasipochemka vizuri huleta brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Na maji mnayoongezea huleta kuhara. Hilo la maziwa yako kuwa mepesi lina maelezo: maziwa yanayotangulia huwa na maji zaidi, ya kumkata kiu, na kadiri mtoto anavyoendelea kunyonya mafuta huongezeka. Ndiyo maana nilisema aachwe amalize titi moja kwanza. Karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji, kwa hiyo hata jua la kiangazi halimfanyi mtoto wa chini ya miezi sita ahitaji maji mengine.

Usimweleze hayo kwa mabishano. Mpe kazi ya heshima: yeye ndiye atakayemlisha mjukuu maziwa yako kwa kikombe, yeye ndiye atakayembeba jioni anapolia baada ya kushiba, kumtembeza uani na kumcheulisha, kazi ambayo bibi huifanya vizuri kuliko mtu yeyote. Mume wako naye, fedha aliyotaka kuitia kwenye maziwa ya kopo ainunulie dagaa, karanga na mayai, na zile siku za shamba la mbali azibebe yeye. Akiteka maji na kutafuta kuni kwa wiki mbili, ataongeza maziwa ya nyumba hiyo kuliko kopo lolote. Wasiwasi na masimango huchelewesha maziwa kushuka, kwa hiyo ukimya wa maneno mabaya nyumbani nao ni sehemu ya tiba.

Mambo yasiyosubiri

Mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyo hiyo akipitisha saa sita au zaidi bila kukojoa, mkojo ukiwa mzito wa rangi ya chai, utosi ukibonyea, akiwa mlegevu na mgumu kuamka, akikataa kunyonya kabisa, akiwa na homa au mwili wa baridi, akipumua kwa shida au akiharisha damu. Uzito ukiwa umesimama au kushuka, usifuate ratiba yangu ya kupunguza maziwa mengine. Afya yake kwanza, na mtapangiwa na wataalamu. Wewe nawe, titi likiwa jekundu, la moto na lenye maumivu ukiwa na homa, nenda ukatibiwe huku ukiendelea kunyonyesha upande huo.

Wapo pia wanawake wachache ambao maziwa yao hayatoshi kwa sababu ya mwili: waliopoteza damu nyingi wakati wa kujifungua, waliobakiwa na kipande cha kondo la nyuma, wenye matatizo ya tezi ya shingo, waliofanyiwa upasuaji wa titi, au walioshika mimba nyingine. Ukifuata haya kwa wiki mbili na mzani usisogee, omba rufaa, iwe Hospitali ya Isingiro huko huko Kyerwa au Nyakahanga upande wa Karagwe.

Kwa wasomaji wengine walioniandikia juu ya jambo hili: ninyi mlioajiriwa maofisini na madukani Kayanga au Omurushaka, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawapa hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi za kumnyonyesha mtoto. Ziombeni kwa maandishi. Na akina mama wanaoishi na virusi vya UKIMWI, katika mkoa huu ambako wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa mwaka 1983, msidanganywe kwamba chupa ya ng'ombe ni kinga. Kuchanganya titi na vyakula vingine kabla ya miezi sita huongeza hatari ya kumwambukiza mtoto. Kinachomlinda ni wewe kumeza ARV kila siku bila kuruka, yeye kupata dawa zake za kinga, na kunyonya titi tupu huku kliniki ikiwafuatilia.

Mama wa Kwanza, siku ya chanjo ya wiki ya kumi nenda na mama mkwe. Yeye ndiye amweke mtoto kwenye mzani. Ikisoma kilo 4.7 au zaidi, mtoto ameongeza nusu kilo tangu wiki ya sita. Mwombe muuguzi aweke alama kwenye kadi na amweleze bibi ile mistari inapoelekea. Ikisoma chini ya hapo, semeni ukweli wote kuhusu chupa, maji na saa za shambani, mpate msaada siku hiyo hiyo. Kisha niandikie, namba tu zinanitosha.

Shangazi